Sahani ya Toussaint

...na bia yenyewe, anasema Bruno, si kwamba yeye anaipenda, bia ndiyo inayompenda yeye, inamfuata mpaka nyumbani, na duara zima linacheka, hata mama wa kufua mashuka ambaye amenuna tangu mazoezi yaanze hapa uani mwa hospitali, na Léocadie anacheka pia, kwa mdomo tu, kwa sababu baada ya Bruno ni yeye, hakuna mtu katikati yao, bega la Bruno linagusana na lake na lina jasho la kurukaruka, na huyu dereva wa gari la wagonjwa anayekimbiza gari mpaka mbuzi wa Kilibula wanamjua kwa honi, leo ameamua kwenda taratibu, anasimama kila kona ya habari yake, anashusha abiria, anapakia wengine, maliza basi Bruno, sema unaacha bia, upigiwe makofi, zamu ipite, watu waende kazini, kule wodini kuna mama alianza uchungu tangu alfajiri na wamebaki wanafunzi tu... lakini Docteur Franck hamkatizi, amesimama katikati ya duara na viatu vyake vya kukimbilia, vyeupe mno kwa vumbi la ua huu, kijana wa Bukavu, mpole, anayetikisa kichwa kwa kila neno la kila mtu, na yeye ndiye aliyewaambia walipomaliza kujinyoosha kwamba leo kila mmoja atataja kitu kimoja cha kuacha, "kitu moja tu yenye utaacha," alisema, "lakini useme mbele ya wenzako, juu wao njo watakuchunga," na watu wakatazamana, maana kuacha kitu moyoni ni rahisi, unaacha jioni unarudia asubuhi na hakuna shahidi, ila kuacha mbele ya mfamasia na wapishi na watu wa maabara, hapo umejifunga, utakamatwa na andazi mkononi na jina lako litafika mpaka chumba cha maiti.

Na wameacha, wameacha vizuri, sukari iliyoachwa kwenye duara hili asubuhi hii ingezamisha mtumbwi, mfamasia sukari, mpishi sukari, msajili wa wagonjwa sukari na soda, kila mmoja anapigiwa makofi na kurudi nyuma hatua moja akiwa na uso wa mtu aliyetoka kubatizwa, na Léocadie angesema sukari naye yaishe, ila wote wanajua kwamba chai yake huinywa chungu, wamemtania miaka, huyu Mama Léo anakunywa dawa, basi sukari haimfai, amejitayarishia chumvi, ameiweka ulimini kabisa, "minye naacha chumvi," maneno matatu, safi, ya kitaalamu, docteur atafurahi kwa sababu docteur anajua ya presha yake, alimpima juzi, akatazama kipimo, akahamia mkono mwingine, akatazama tena, akavuta kiti karibu akauliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu anayemuuliza mama yake, "Mama, weye unakulaka nini asubuhi?" na yeye akajibu chai, chai tu na mkate kidogo, bila kupepesa jicho, mkunga mzima, mtu anayewatoa wajawazito uongo midomoni kila siku, unakula udongo? sili, unakula udongo mama, nauona kwenye meno... chai tu na mkate, akasema, na docteur akaandika, na Anne alikuwa anasema hivyo hivyo.

Anne. Kwa ajili ya Anne wote wamesimama hapa na kandambili zao wakijikunja kiuno mbele ya wagonjwa wanaochungulia madirishani, Anne mkunga, mwenzake wa zamu miaka yote, kila asubuhi aliwaimbia wajawazito wapunguze chumvi, wapunguze mafuta, watembee, kisha akitoka hapo anapita nyuma ya ukuta kununua vitumbua, na Léocadie naye pamoja, wakivila wima wakicheka, sisi watu wa koti jeupe tunajua kila kitu na tunakula kila kitu, mpaka siku ile Anne akaanguka chumbani mwa kuzalishia na mtoto wa watu mkononi, mtoto Léocadie alimdaka, hakuumia, Mungu ni mwema, lakini Anne hakuinuka na upande wake wa kulia, na sasa wanamwekea kiti mlangoni kwao anatazama barabara, ukimsalimia anacheka nusu, na Léocadie kila akitoka pale hutembea haraka bila kugeuka nyuma kwa sababu kile kiti ana hakika anakifahamu, anafahamu kilivyo baridi, kizunguzungu kile cha asubuhi anapoinama kufunga viatu, zile nyota, hajamwambia mtu, atasema chumvi, chumvi inatosha...

Lakini si chumvi. Bruno sasa ameingia kwenye harusi fulani ya Mutarule ambako walimpa kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye jagi la kunawia mikono, watu wanashika mbavu, na si chumvi, Mungu anajua, binti yake Noella anajua, ni sahani, ni ile sahani ya mumewe, Toussaint, kila jioni akishasonga ugali wa watu watatu mkono wake unakwenda wenyewe, unapakua ya baba kwanza, bonge kubwa, laini, lililochongwa pembeni kwa mwiko uliolowekwa maji, juu yake sombe, majani ya muhogo yaliyokolea mawese, na samaki wa mkeke, kichwa na tumbo, sehemu ya mwanamume, kisha sahani nyingine inageuzwa juu yake na kwenda kabatini, ndivyo alivyomuona mama yake akifanya kule Kiringye baba alipokuwa analala mashambani msimu wa mpunga, mtu wa nyumba hii bado ni wa nyumba hii, alisema mama, akirudi saa yoyote asikute mumekula mukamaliza kama vile hayupo, na baba alirudi kila mara, akafunua, akala, hilo ndilo mama hakulisema, kwamba ile sahani inataka mtu wa kuifunua. Maana asubuhi chakula kipo. Kimelala pale, mafuta yamegandia ukingoni, na kumwaga chakula katika mji huu, watu walivyolala njaa, watu walivyokimbia na sufuria kichwani, nani atathubutu, na kumpa jirani ni kumtangazia jirani kwamba baba hakuja, basi Léocadie anasimama jikoni kabla Noella hajaamka na anakula, wima, baridi, haraka, ugali wa Toussaint, mkeke wa Toussaint, mpaka anapangusa sahani kwa kidole, halafu anakaa na binti yake anakunywa chai chungu na mkate kidogo kama mtu ambaye hajaonja kitu, na hapo ndipo presha, hapo ndipo magoti, hapo ndipo vifungo vya koti jeupe vilivyohamishwa na fundi mara ya kwanza na mara ya pili, mkunga amebeba mume mzima tumboni na siku zake zimepita zamani.

Na watu wanamsifu! Hicho ndicho kichekesho. Pale sokoni Mulongwe wanawake wanamshika mkono kwa juu, wanaubonyeza, dada ulinona, bwana iko anakutunza, ata kama iko mbali moyo yake iko hapa, na yeye anaangalia chini na kutabasamu kama bibi harusi, halafu anayabeba maneno yale mpaka nyumbani, anayala nayo, kwa sababu ni kweli kwa watu wote wa hapa kwamba mke akikonda mume amekwenda, hawataki maelezo, hawataki kusikia habari ya docteur na viatu vyake vyeupe, watamwona shingo imetoka mifupa watasema aa, maskini, kumbe, na hiyo kumbe ndiyo Léocadie ameikimbia miaka hii yote kwa kula, amemla Toussaint ili aonekane anaye... "Minye siachake muntu kwa njia," anasema Bruno, sasa ni hadithi ya mlevi mwenzake aliyepakiwa kwenye gari la wagonjwa kwa huruma, na docteur anacheka naye, amesahau saa, jua limeshapanda kutoka ng'ambo ya Burundi na limekaa juu ya ziwa, linawapiga wote usoni, na maji yametulia, yametulia leo kama siku ile alipoondoka.

Siku ile alivaa shati la bluu. Nyumba yao ya kwanza, ile ya chini, ziwa lilikuwa limeshaichukua, lilipanda polepole bila kelele, kwanza choo, halafu jiko, mpaka Toussaint akabeba kitanda kichwani akipita maji ya magoti na Léocadie nyuma na godoro, wakicheka, kweli walicheka, kwa sababu alikuwa anakiimbia kitanda chao wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, na baada ya hapo mashine za boti zikapungua bandarini Kalundu, fundi bila mashine ni mtu wa kukaa ukutani, na Toussaint hakujua kukaa, mikono yake haikujua, ile mikono iliyonuka sabuni na mafuta ya injini hata Jumapili kanisani, akimshika mgongo usiku alikuwa anaijua harufu kabla ya kuijua mikono, sabuni juu, mafuta chini, na leo akipitwa na pikipiki iliyotoka kwa fundi anageuka, anageuka kila mara, mwanamke wa umri wake anageukia pikipiki... nakwenda Kalemie, Léo, miezi tu, kule mashine ni nyingi, nashika kitu tujenge juu kidogo, mbali na maji, na akapanda boti, akakaa mbele, hakupunga mkono kwa sababu alikuwa ameshainamia injini ya watu kusikiliza inavyokohoa. Akapiga simu. Alipiga kila jioni, umekula? umekula nini? alipenda kuambiwa chakula, mwambie kila kitu, mwambie samaki alikuwa upande gani wa sufuria, na Léocadie alikuwa anaisimulia sahani yake ile, nimekufunikia, alisema, na yeye kule alikuwa anameza mate mpaka yanasikika. Halafu simu zikakonda. Jioni kwa jioni, kisha Jumapili, kisha sikukuu, kisha yule mwanamke wa Kifaransa anayekwambia mtu wako hapatikani, sauti nzuri, haichoki, haioni aibu, na mwaka ukageuka, vita vikaja vikapita vikaja, watu wakavuka mpaka wakarudi, na katika yote hayo sahani haikukosa kufunikwa hata siku moja, akafikiria mabaya, akafikiria maji, akafikiria risasi, akafikiria ugonjwa kwenye kitanda cha wageni, na kila alichofikiria kilikuwa na Toussaint mwembamba ndani yake, macho yameingia ndani, mtu wa kusubiriwa na chakula.

Mpaka jana. Jana Generose, wa mawese, anayekwenda Kalemie na madumu na kurudi na vitenge, alimleta mpwa wake kujifungua, na pale koridoni, akiwa bado ana vumbi la safari, akamshika Léocadie mabega yote mawili, "Nilimuonaka Toussaint, dada," akasema, "iko muzima, alinona, weye, alinona kabisa, ata shingo ilijaa," na Léocadie akapiga kelele ya furaha mpaka wagonjwa wakainuka vitandani, akamkumbatia, muzima, yuko hai, asante Bwana, akaenda kama anayecheza mpaka kwenye bomba kunawa mikono kwa sababu mpwa wa Generose alikuwa tayari, akapaka sabuni, kiganja kwa kiganja, kati ya vidole, kama inavyofundishwa ukutani, na alipofika kwenye vidole gumba akasimama. Alinona. Toussaint hajui kuchemsha maji. Toussaint siku Léocadie alipolazwa alikula mihogo mibichi. Mwanamume hanoni peke yake, hakuna mwanamume aliyenona kwa kula migahawani, shingo haijai kwa vitumbua, shingo inajaa kwa mtu anayejua kwamba unapenda kichwa na tumbo, anayechonga bonge lako pembeni kwa mwiko wa maji, na ukichelewa bandarini kuna sahani imegeuzwa juu ya sahani, na wewe unaingia, unanawa ile mikono yako, unaifunua, inatoa moshi. Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure. Generose alikuwa amesimama mlangoni na uso umeshabadilika, ameshaona kwamba alichokileta hakikuwa zawadi, akamfungia tu bomba.

Na hasira haikuja. Aliisubiri zamu nzima, alimpokea mtoto wa kike wa mpwa wa Generose, akamsifu, akamfunga kitenge, huku anaisubiri hasira kama mtu anayesubiri gari pale barabarani, maana hasira ingemsaidia, mtu mwenye hasira anajua pa kukanyaga, lakini kilichokuja ni hamu, hamu tupu ya kumwona alivyonona, je imemkaa vizuri, shati la bluu bado linafunga, alikuwa mbavu tupu tangu ujana, alimlisha miaka yote hakuwahi kumjaza shingo, amekosea wapi, aliweka nini yule mwingine ambacho yeye hakuweka, ona basi, anamwonea wivu mpishi na siyo mke, na jioni akasonga ugali na mkono ukaenda wenyewe, ukapakua ya baba kwanza, na Noella aliyekuwa anapanga vikombe akautazama ule mkono, alikuwa ameyasikia ya Generose, mji gani huu usiosikia, akasema bila ukali, "Mama, ile sahani tutaiosha mpaka siku gani?" alisema tutaiosha, si utaiosha, na ndipo Léocadie alipofahamu kwamba mtoto anajua, kwamba kila asubuhi amelala macho wazi anasikiliza mama yake akila wima jikoni, miaka, na hakusema, na amekuwa akingoja mlangoni mwa shule kuona kama mama anapita mwenyewe au analetwa na gari la Bruno.

"...sasa bia naacha," anasema Bruno, makofi yanaanza, lakini anainua mkono, hapana, ngojeni, hajamaliza, kuna bia ya msiba, hiyo ataihesabu vipi, na duara linaguna, linacheka, mtu anamwambia msiba pia ni bia, na docteur anafikiri kwa makini kana kwamba ni swali la mtihani, na Léocadie anasogeza ulimi anatafuta chumvi yake, ile aliyoiweka tayari, haipo. Lipo neno lingine. Halikuwepo alipofika, anashangaa nalo, limekaa pale zima, minye naacha kula ya muntu mwingine, hivyo tu, watacheka, watadhani anadokoa vyakula vya wagonjwa, mpishi atamkodolea macho, wacha wacheke, docteur atamwelewa au hatamwelewa, yeye atalitamka na litakuwa limetamkwa, mbele ya watu, wao njo watakuchunga, na atakonda, kweli atakonda, shingo itatoka mifupa na wale wa Mulongwe watamshika mkono watakuta ngozi watasema kumbe, na hiyo kumbe, anaitazama sasa kwa karibu, haina meno mengi hivyo, kinachouma si kumbe ya soko, ni mwiko, ni pale mwiko utakapogonga chini ya sufuria mapema na mkono wake ukabaki hewani unatafuta mtu, hapo, jioni, na Noella anatazama, hapo ndipo Toussaint atakapoondoka, hakuondoka na boti, na boti alikwenda tu Kalemie, na yeye alikuwa anampenda, anampenda sasa hivi, kwenye jua hili, na kandambili, kwa jasho, anampenda na shingo yake iliyojaa kwa mkono wa mtu, ale vizuri huko, wasimpe samaki wa jana, anapenda kuulizwa amekula nini... Bruno anavuta pumzi. Bega lake linatulia, anaonekana amefika mwisho, docteur ameshaanza kugeuza uso upande huu na kutabasamu, na Léocadie, ambaye tangu asubuhi amemwomba dereva huyu amalize, anamgusa kiwiko kwa chini, polepole, mtu mwingine asione, eleza hiyo ya msiba, kaka, eleza yote, usiruke kitu, ongea kidogo tena, maana ukinyamaza nitasema, na nikishasema, leo jioni nitapika ya watu wawili tu.